Mgonjwa Yuko Wapi? Uhakiki wa Maandishi Juu ya Mikesha ya María Sabina

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 1955, katika mji wa Huautla de Jiménez ulio juu ya milima ya jimbo la Oaxaca, nchini Meksiko, mwanamke wa kabila la Wamazateko aitwaye María Sabina alimpa mgeni kutoka New York uyoga ale. Mgeni huyo, R. Gordon Wasson, alikuwa makamu wa rais wa benki ya J. P. Morgan, na pamoja naye alikuwapo mpiga picha Allan Richardson. Usiku ule mmoja ulizaa makala, vitabu, sahani za santuri na, baada ya miaka mingi, majaribio ya hospitali juu ya maradhi ya akili. Ni nadra usiku mmoja kuandikwa kwa wingi kiasi hicho. Na ni nadra zaidi jambo lililoandikwa kwa wingi kusahau shabaha yake.

Kila andishi juu ya dawa lina watu watatu ndani yake: mwenye kutibu, mwenye kutibiwa na mwenye kusimulia. Thamani ya andishi hutegemea nafasi apewayo kila mmoja wao. Katika maandishi juu ya Huautla mwenye kusimulia amekalia kiti cha mbele, mwenye kutibu amemwagiwa sifa, lakini mwenye kutibiwa aghalabu hayupo. Kwa ajili hiyo swali moja lafaa kuulizwa mbele ya kila ukurasa wa maandishi haya: mgonjwa yuko wapi? Swali hilo ni la fasihi, kwa maana lahusu nani anenaye na nani anenewa. Ni la tiba vile vile, kwa maana watu wenye majonzi na maradhi ya akili huyasoma maandishi haya wakitafuta matumaini.

Kwanza yapasa kueleza mkesha wenyewe ulivyokuwa. Uyoga wa Huautla, ambao wanasayansi wa leo hawauhesabu kuwa mmea bali kuvu, umewekwa na mazoea katika kundi la mimea ya dawa. Wamazateko huuita kwa jina la mapenzi lenye maana ya wadogo wachipukao. Huliwa usiku, wawili wawili, mbele ya meza yenye picha za watakatifu na mishumaa, katika moshi wa ubani. Anayeongoza mkesha hula. Mgonjwa naye aweza kula. Jamaa za mgonjwa hukaa karibu. Kisha taa huzimwa, na kiongozi hunena, huimba, hupiga makofi na hucheza mpaka alfajiri ikaribiapo. Haendi gizani bila haja. Huenda na swali: ugonjwa huu umetoka wapi, na je, mtu huyu atapona? María Sabina hakuona ugomvi kati ya jambo hilo na Ukristo wake. Kwa miaka mingi alikuwa mwanachama wa udugu wa Moyo Mtakatifu wa Yesu katika parokia yake.

Andishi la kwanza la kupimwa ni makala ya Wasson katika jarida la Life, toleo la tarehe 13 Mei 1957. Ni makala yenye ufundi. Mwandishi ampandisha msomaji mlimani pamoja naye, amketisha katika chumba cha giza, na amwonyesha maono moja baada ya jingine: mapambo ya nakshi zenye pembe, majumba ya kifalme, mnyama wa ngano avutaye gari. Anajiona amekuwa jicho tupu lisilo na mwili, lionalo bila kuonekana. Mfano huo ni mzuri, na ndani yake yamo makosa yote ya makala. Jicho lisilo na mwili haliumwi. Haliwezi kuwa mgonjwa, wala haliwezi kuwa jamaa ya mgonjwa. Wasson auficha mji, ambadilisha María Sabina jina na kumwita Eva Mendez, jambo la heshima; lakini kuna mtu asiyehitaji kufichwa, kwa kuwa hakuwapo tangu mwanzo, naye ni mgonjwa. Makala yaeleza tiba isiyokuwa na maradhi.

Haki yataka isemwe pia kwamba Wasson hakuziba masikio. Aeleza nyimbo za María Sabina na za binti yake, na jinsi makofi yalivyosikika gizani kana kwamba yatoka pande zote. Walakini hakujua Kimazateko, kwa hiyo kwake maneno yale yalikuwa sauti, wala hayakuwa maneno. Tena, alijua vyema kwamba mkesha wadai haja. Mwaka 1953, alipokwenda Huautla mara ya kwanza na kuhudhuria mkesha wa Aurelio Carreras bila kula uyoga, alitoa haja ya kutaka habari za mwanawe aliyekuwa mbali. Baadaye aliandika kwamba majibu aliyopewa usiku ule yalikuja kuwa kweli. Basi alikuwa anajua mlango ufunguliwao na ufunguo gani, akaufungua, kisha katika makala yake ya mwaka 1957 akausifu ukumbi zaidi ya ufunguo. Wala dai kwamba yeye na mwenzake walikuwa weupe wa kwanza katika historia kuula uyoga ule lisimfanye msomaji aamini kwamba mikesha iligunduliwa siku hiyo: mwaka 1938 wataalamu kadha walikwisha kuhudhuria mkesha mjini Huautla, ingawa wao hawakula.

Miaka 20 baada ya makala ya Life, mwaka 1977, kilitoka nchini Meksiko kitabu cha Álvaro Estrada juu ya maisha ya María Sabina. Estrada ni mzaliwa wa Huautla na Kimazateko ni lugha ya mama yake. Alikaa na yule bibi, akamwuliza, akamsikiliza, akatafsiri maneno yake kwa Kihispania. Hapa msomaji apata kwa mara ya kwanza kusikia usiku wa mwaka 1955 ukisimuliwa kutoka upande wa pili wa chumba, na habari ni nyingine kabisa. Bibi asema alikubali kumpokea mgeni kwa sababu ombi lililetwa na Cayetano García, mtu mwenye madaraka mjini, naye hakuona njia ya kukataa. Asema tena, bila ya kulalamika kwa kelele, kwamba kabla ya mgeni huyo hakuna aliyekula uyoga kwa ajili tu ya kumtafuta Mungu. Uliliwa ili wagonjwa wapone. Sentensi hiyo moja yatosha kuwa uhakiki wa makala yote ya Life, na imetolewa na mtu asiyejua kusoma.

Kitabu hicho kina mgonjwa. Ni María Ana, dada wa msimulizi, aliyepatwa na maradhi yaliyowashinda waganga walioitwa. Walipokuwa watoto wenye njaa, wawili hao waliula uyoga pamoja porini. Sasa mmoja aula ili kumwokoa mwenzake. Ni katika usiku huo wa tiba, si katika usiku wa kutafuta maajabu, ndipo msimulizi anapotokewa na wakuu wa ajabu na kupewa kitabu chenye hekima, kitabu akisomacho ingawa hajui herufi. Mpango huu wa kisa si wa bahati. Dada yuaugua, ndipo kitabu kinafunguliwa. Lugha imekuja kwa sababu ya mtu mwenye maumivu. Msomaji akiondoa ugonjwa wa dada, kilichobaki ni ndoto nzuri tu.

Mtafsiri wa Kiswahili angekutana hapa na jambo la kumfikirisha. María Sabina atenga watu wa aina tatu. Wa kwanza ni wenye kudhuru. Wa pili ni wenye kutibu kwa dawa za kunywa na kukanda. Wa tatu ni wenye kunena kwa uwezo wa uyoga, nao ndio wenye daraja ya juu. Kihispania cha Estrada chawaita hawa wa tatu wenye hekima. Kwa Kiswahili wawili wa kwanza wana majina tayari: mchawi na mganga. Kumwita María Sabina mganga, kama wengi wangefanya kwa haraka, ni kumshusha daraja aliyojipa mwenyewe. Yafaa aitwe mjuzi. Neno hilo laonyesha kwamba kazi yake ni ya kujua na kusema, kabla ya kuwa kazi ya kunywesha.

Hata hivyo kitabu cha Estrada nacho si kioo kisicho na doa. Maswali ya mwulizaji yameondolewa, na majibu yameunganishwa yakawa hadithi moja itiririkayo kama mtu aliyekaa peke yake akikumbuka. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ajua kwamba swali ni nusu ya jibu. Aidha, maneno yametoka Kimazateko yakaingia Kihispania, na mwaka 1981 yakatoka Kiingereza kwa tafsiri ya Henry Munn. Msomaji wa nchi za mbali basi anywa maji yaliyopita mitungi miwili. Upungufu huo wapasa kutajwa, lakini hauondoi ukweli kwamba kati ya maandishi yote ya Huautla hiki ndicho kilichomwachia mjuzi nafasi ya kuwahukumu walioandika juu yake.

Andishi la tatu ni la namna ya peke yake. Mwaka 1958 mkesha mzima wa María Sabina ulinaswa katika utepe wa sauti, na mwaka 1974 ukachapishwa katika kitabu: maneno ya Kimazateko, tafsiri ya Kihispania na ya Kiingereza, na muziki ulioandikwa na Willard Rhodes. Kazi ya maneno ilifanywa na George na Florence Cowan, wamisionari wataalamu wa lugha ile. Mwenye kuongoza shughuli yote alikuwa Wasson yule yule. Hapana budi kumpa haki yake: mtu aliyeandika kama jicho mwaka 1957 ndiye aliyehakikisha kwamba sikio nalo limepata ushahidi.

Ushairi wa mkesha huo umejengwa juu ya kurudia. Mjuzi ajitaja kuwa mwanamke wa sifa hii, kisha ya sifa ile, sifa juu ya sifa, kila mshororo ukibadilisha neno moja na kuacha mengine yasimame. Masikio ya Kiswahili yaliyozoea kibwagizo hayatauona mtindo huo kuwa mgeni. Lakini kuna jambo dogo lililo kubwa kuliko yote. Mishororo mingi yaishia kwa neno tso, ambalo maana yake ni yuasema. Anayesema ni nani? Kwa imani ya Wamazateko, ni uyoga. Kwa hiyo zile sifa zote, ambazo msomaji wa haraka angezichukua kuwa majivuno ya mwanamke mmoja, si zake. Yeye azipeleka tu, kama tarishi apelekavyo barua. Tafsiri ikiliacha neno hilo moja, mjumbe ageuka kuwa mfalme. Na hivyo ndivyo ilivyotokea katika nyingi ya sifa alizopewa na wageni: walimfanya malkia wa ushairi, hali yeye alijua kuwa ni kinywa.

Katika pwani ya Afrika Mashariki pia kunena ni sehemu ya tiba. Katika ngoma za pepo, pepo hupandishwa kichwani mwa mgonjwa, huulizwa jina lake na haja zake, naye hujibu kwa kinywa cha mgonjwa. Ulinganisho huu wafaa kwa sababu ya tofauti yake. Pwani, mgonjwa ndiye anayenena maneno ya mwingine, na mganga huuliza. Huautla, mjuzi ndiye anayenena, na mgonjwa husikiliza. Bali kote kuwili ugonjwa hupewa jina mbele ya jamaa, na baada ya kupewa jina si siri tena ya mtu mmoja. Mwenye kuugua moyoni ajua uzito wa siri hiyo.

Mkesha wa mwaka 1958 una mgonjwa: kijana aliyeletwa ili ijulikane kama atapona. Usiku ukasema hapana. Baada ya wiki chache kijana akafa. Jambo hili halitajwi mara nyingi na wale wapendao kuzisifu dawa za jadi, na kutotajwa kwake ni udhaifu wa uhakiki. Andishi lililo kamili kuliko yote ya mikesha hiyo si habari ya kupona. Ni habari ya mjuzi aliyetafuta usiku kucha njia ya kumrudisha kijana, akakosa, na hakuficha. Basi anayetaka kuyatumia maneno ya María Sabina kama hati ya kuthibitisha kwamba uyoga huponya hana haki. Ushairi hauna kazi hiyo. Ushairi waweza kuonyesha tu jinsi watu wa mahali fulani walivyokaa na mtu aliye katika hatari, wasimwache peke yake gizani.

Lililobaki ni andishi la namna ya nne, yaani taarifa za hospitali. Mnyororo ni wa wazi. Roger Heim wa Ufaransa aliutambua uyoga na kuupa majina ya kisayansi. Mwaka 1958 mkemia Albert Hofmann, huko Basel katika Uswisi, akaitenga nguvu yake na kuiita silosibini. Mwaka 1962 Hofmann mwenyewe alifika Huautla na vidonge, akampa María Sabina, na bibi akasema kwamba vidonge vina nguvu ile ile ya uyoga. Habari hii hupendwa sana, nayo hutolewa kama cheti kwamba kidonge chatosha. Lakini yapasa kutazama nani alikula kidonge usiku ule: mjuzi, aliyebeba mkesha wake kichwani. Alithibitisha kidonge, hakusema kwamba kidonge kitafanya kazi bila mjuzi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliiweka silosibini katika orodha ya kwanza, yenye makatazo makali kuliko zote, na utafiti ulififia kwa muda mrefu. Uliporudi, kosa la zamani lilirudi pamoja nao kwa kitambo. Taarifa mashuhuri ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ya mwaka 2006 ilihusu watu 36 wenye afya njema, na jambo lililopimwa lilikuwa kama walionja hali ya kiroho. Huyo ni Wasson tena, safari hii akiwa na kipimo. Mgonjwa alirejea mwaka 2016, katika majaribio mawili ya watu wenye saratani waliolemewa na hofu na huzuni, 51 katika jaribio moja na 29 katika jingine. Wengi wao walipata nafuu. Mwaka 2021 watu 59 wenye sonona walitumika kuilinganisha silosibini na esitalopramu, dawa ya kawaida ya maradhi hayo, na kwa kipimo kikuu tofauti haikuthibitika. Mwaka 2022 zilitangazwa habari za watu 233 ambao sonona yao ilikuwa imezishinda dawa: waliopewa miligramu 25 mara moja walipata nafuu kubwa baada ya wiki tatu kuliko waliopewa miligramu 1, lakini mawazo ya kujiua yalionekana katika makundi yote. Watu wenye historia ya wazimu hawakuingizwa, kwa kuwa kwao hatari yahofiwa kuwa kubwa.

Taarifa hizi zina unyofu ambao makala ya Life haina. Zinamhesabu mgonjwa, zinataja madhara, zinakiri pale ambapo hakuna ushindi. Tena zinamjibu barabara yeyote atakayedai kwamba nguvu yote imo katika maneno ya mjuzi. Maana wagonjwa hawa walilala kitandani wakiwa wamefungwa macho, wakisikiliza muziki uliopangwa, na walezi wawili kando yao wakisema machache, na wengine wakapata nafuu. Hilo lapasa kukubaliwa bila kinyongo. Lakini katika taarifa hizo mgonjwa ni tarakimu. Yupo, wala hasikiki. Na lile lililokuwa kiini cha mkesha, yaani jamaa kuwapo, swali kuulizwa, na anayetibu kuila dawa ile ile na kuingia katika hatari ile ile, halimo. Kuiita tiba ya hospitali mrithi wa Huautla ni kutumia neno urithi pale ambapo kilichochukuliwa ni kitu kimoja tu cha nyumbani.

Na kuchukua kulikuwa na gharama. Baada ya makala ya Life wageni waliutafuta mji, wengi wao vijana wasiokuwa wagonjwa wala hawana swali, wakaula uyoga mchana na usiku bila mkesha. Serikali ilipeleka askari. Nyumba ya María Sabina ilichomwa moto. Yeye mwenyewe alisema kwamba tangu wageni waje uyoga umepungua nguvu. Na Wasson naye, baadaye, alikiri kwa majuto sehemu yake katika mambo hayo. Bibi alifariki mwaka 1985, akiwa maskini, ilhali jina lake likiuza vitabu na fulana. Msomaji asidhani kwamba hayo ni mambo ya nje ya fasihi. Yalianza na andishi lililopendeza mno, ambalo ndani yake hapakuwa na mtu anayeumwa. Na wasomaji wake walifanya kama walivyofundishwa nalo.

Leo maandishi ya namna ile yanazidi, na baadhi ya wasomaji wake wana sonona, au wana ndugu mwenye wazimu ndani ya nyumba. Kwao mfano wa jicho lisilo na mwili ni hatari, kwa kuwa wao wana miili, na usiku wao haukuanza na uyoga. Mwalimu atakayewafundisha wanafunzi maandishi ya Huautla na aanze na kitabu cha mwaka 1974, asome kwa sauti mishororo yenye tso, na kabla ya kueleza lolote juu ya maono, awakumbushe kwamba chumbani mlikuwa na kijana aliyelala akisikiliza kila neno, na kwamba maneno yale yote yalisemwa kwa ajili yake.